Bustani ya Uani na Mwezi wa Oktoba

Mtu ashukaye Igalula, katika Reli ya Kati upande wa mashariki ya Tabora, mwezi wa Oktoba, akiwa ametoka pwani ambako ardhi ni nadra kukosa kijani, huikuta nchi ya rangi ya kahawia imetulia chini ya jua kali, miombo ikianza kuchipua majani mekundu hata kabla mvua haijanyesha, na katika ua mmoja mmoja, nyuma ya nyumba, pembeni mwa bafu, kipande kidogo cha mboga ambacho mwenyewe amekihifadhi kwa kila ndoo ya maji aliyoweza kuisaza. Kipande hicho ndicho ninachotaka kukizungumzia, kwa sababu watu wengi huipanga bustani yao kuanzia Novemba, mvua ya kwanza inapolowesha vumbi na kila mbegu ikaonekana itaota, ilhali mwaka wa bustani huku Unyamwezi wastahili kuhesabiwa kutoka mwezi ulio mkavu kuliko yote, kisha kurudi nyuma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mvua ya Tabora huja msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei, na katika mwaka wa wastani hufikia takriban milimita 900; kisha hufuata miezi mitano au sita ya kiangazi. Katika kiangazi hicho mita moja ya mraba ya mboga hutaka kama lita 5 za maji kwa siku, na jua la Septemba na Oktoba likizidi, hutaka 6. Kwa hiyo tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 hunywa ndoo moja ya lita 20 kila siku. Nyumba iwezayo kusaza ndoo tatu, kwa kukusanya maji yaliyooshewa mchele na mchicha na kuyaongezea kidogo ya kisima, ina bustani ya matuta matatu, hata kama ua wake ungetosha thelathini. Anayetaka kuongeza, na atazame kwanza paa lake: bati la mita 40 za mraba, maadamu kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, hupokea zaidi ya lita 30,000 kwa msimu, na ingawa ni wachache wenye chombo cha kuyashika maji yote hayo, tangi la lita 1,000 lililojazwa na mvua za mwisho za Aprili ni ndoo 50 za akiba.

Umbo la tuta nalo hufuata maji. Wakati wa mvua tuta huinuliwa, kama Wanyamwezi walivyofanya tangu kale, ili mizizi isioze. Lakini kiangazi kikiingia, mahali palepale pachimbwe pawe chini kidogo ya usawa wa ua, pajazwe samadi iliyokwisha kuoza, kisha pafunikwe matandazo ya nyasi kavu, ili maji yaliyobebwa kwa kichwa yasikimbie wala yasipae na upepo. Tandazo hilo likaguliwe mara kwa mara, kwani mchwa wa nchi hii huipenda nyasi kavu kuliko tuipendavyo sisi.

Kulima katika kiangazi si jambo geni hapa. Zama za misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, Waarabu waliojenga matembe yao katika eneo la Tabora ya leo, yaani Kaze, walikofika Burton na Speke mwezi wa Novemba 1857, na Kwihara, ambako Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akiwangoja wapagazi, walilima ngano na vitunguu na kupanda miti ya matunda ya pwani. Mimi naona kwamba msafara wenyewe ulikuwa mwalimu, kwa kuwa mtu aliyezuiliwa mahali miezi mitatu au minne, asijue ni lini njia itafunguka, hupanda kwa ajili ya mwezi ambao angali hajaufikia.

Basi tuanzie Oktoba, turudi nyuma. Mboga iliyo bora ya mwezi huo ni ile isiyotaka tena maji, na ya kwanza ni kitunguu. Ili kiwe kimekwisha kuvunwa na kuanikwa Septemba, miche yahamishwe mwishoni mwa Mei au mwanzo wa Juni. Na kwa kuwa hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, mbegu yamwagwe mwanzoni mwa Aprili, chini ya chanja, mvua ingali ikinyesha na macho ya watu wote yakiwa kwenye mahindi. Nyanya nazo zaanza kitaluni Aprili. Mimi niliwahi kuzipanda Januari, kwa tamaa ya kuuza wakati wengine hawana, na wiki mbili za mvua mfululizo zikayajaza majani mabaka meusi, nikazing'oa zote. Sukuma wiki ihamishwe Mei, ikue katika baridi ya Juni na Julai, ichumwe jani kwa jani mpaka mvua irudi. Ama bamia, kunde, maboga na mlenda, hizo ni mboga za mvua, hazihitaji maelekezo mengi.

Nina hadhari moja, nayo yaihusu Tabora kuliko mikoa mingi: tumbaku. Nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu na mnavu ni za jamaa moja nayo, na minyoo ifanyayo mafundo katika mizizi ya tumbaku huifuata nyanya vilevile. Mahali palipokuwa na tumbaku pafuatwe kwanza na karanga. Na mtu aliyetoka kufunga tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwani kuna ugonjwa wa virusi, unaoyatia majani mabatobato, ambao husafiri katika vidole.

Wako waulizao maua ya nini, na maji ni haba hivi. Neno bustani lenyewe asili yake ni Uajemi, na maana yake ni mahali pa harufu nzuri. Wala manufaa hayapungui kwa harufu. Maboga na matango hayashiki tunda pasipo nyuki, kwa kuwa ua dume na ua jike hukaa mbalimbali katika mmea mmoja, na nyuki wa Tabora, ambao asali yao ina sifa tangu zamani, huijia rehani iliyochanua. Rehani ikae kingoni mwa matuta, mchaichai kwenye mteremko ili ushike udongo, mnanaa chini ya pipa ambapo matone hayakosi, kotimiri Juni kabla joto halijaiharakisha kutoa mbegu, na asumini moja karibu na mlango.

Hatimaye liko ghala la juani. Machi, majani ya kunde yakiwa mengi hata hayana mlaji, huchemshwa kidogo na kuanikwa yakawa nsansa. Na viazi vitamu vikivunwa, hukatwa na kukaushwa vikiwa vibichi kuwa michembe, au baada ya kupikwa kuwa matobolwa. Yapasa kuvihesabu hivi katika mpango tangu siku ya kupanda, kwa kuongeza mstari mmoja wa kunde usiokuwa wa kuliwa mbichi.

Na kile kijani cha pembeni mwa bafu alichokiona mgeni wetu, aghalabu ni marando ya viazi, yanayoishi kwa maji ya kuogea tangu Juni. Hayakuwekwa pale kwa ajili ya matembele peke yake. Mvua ikishalowesha matuta sawasawa, mwenye nyumba huyakata vipande vya shibiri moja na nusu na kuyapanda, na majirani ambao ya kwao yalikauka huja asubuhi kumwomba.