Mtoto Akiwa Chuoni, Nani Analinda Jina Lake?

Kila muhula unapofunguliwa, barabara itokayo Kasese kwenda Bwera hujaa vijana na mizigo yao. Ni mwendo wa kama kilomita 50 hivi, kupitia njia panda ya Kikorongo na Kisinga hadi mpakani Mpondwe, na juu ya teksi na pikipiki huonekana vitu vilevile mwaka hadi mwaka: godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, sanduku la bati, jerikeni, beseni na mfuko wa sukari. Wengine huishia Kasese mjini, wengine Kilembe au Kagando wanakosomea uuguzi, na wengine hufika Bwera, mji ambao kwa miaka mingi umefundisha walimu wa shule za msingi. Mama amehesabu kila kilichomo sandukuni, kuanzia shuka hadi sindano ya kushonea. Lakini vitu ambavyo mwizi wa siku hizi anavitamani kuliko blanketi havikuhesabiwa: jina la mtoto, nambari ya kitambulisho chake cha taifa, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake.

Tuanze na hila inayozilenga hasa jamaa za askari. Simu inalia jioni. Mtu mwenye sauti ya upole asema yeye ni muuguzi. Mwanao ameanguka darasani, yuko mahututi, na daktari anangoja shilingi laki tatu za dawa. Anataja jina la mtoto, darasa lake, pengine hata cheo cha baba yake. Ni nani asiyetetemeka? Baba huenda yuko Somalia, ambako majeshi ya Uganda yamekuwa yakihudumu tangu mwaka 2007, au yuko ng'ambo ya mto Lhubiriha katika misitu ya Kongo, walikoingia wenzake Novemba 2021. Hawezi kupanda basi akajionee mwenyewe. Hivyo hukopa kwa wenzake wa kikosi na kutuma, na kesho yake mtoto apatikanapo husema kwa mshangao kwamba hajaugua hata mafua.

Msomaji atauliza, tapeli aliyajuaje yote hayo? Mengi tuliyatoa wenyewe. Orodha ya waliopokelewa chuoni hubandikwa ukutani na kupigwa picha. Kijana naye huweka picha yake mtandaoni akiwa na sare ya chuo, jina limeshonwa kifuani, na siku ya pili humtakia baba yake heri ya kupandishwa cheo. Nambari za wazazi huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya darasa ambamo hakuna ajuaye kila aliyemo. Tena wapo matapeli wanaompigia mwanafunzi kwanza, wakijifanya mafundi wa kampuni ya simu, na kumwomba azime simu kwa saa moja ili mtandao utengenezwe. Katika saa hiyo moja ndipo mzazi hupigiwa, na akijaribu kumtafuta mtoto hampati, basi uongo huonekana kweli.

Dawa yake haigharimu kitu. Siku ya kumpeleka mtoto, mzazi aandike kwa mkono wake nambari za mkuu wa chuo, mhasibu na matroni, azipate ofisini kwao na si kwa mtu wa getini. Karatasi moja ibaki kwa mama, nyingine aende nayo baba kazini. Pasitumwe senti yoyote kabla ya kusema na mmoja wa hao watatu. Akiambiwa mtoto amelazwa Bwera au Kagando, ajue kuwa hospitali hizo zipo mahali zilipo, na ndugu au jirani anaweza kufika kitandani na kurudisha habari. Jamaa nyingine huchagua neno la siri, jina la ng'ombe aliyekufa zamani au la kijiji cha nyanya, na mtu asiyelijua neno hilo hasikilizwi, hata akilia machozi simuni.

Mwanafunzi naye ana mitego yake. Tangu huduma ya pesa kwa simu ilipoanza nchini Uganda mwaka 2009, matumizi ya chuoni hayatumwi tena katika bahasha kwa dereva wa teksi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini bahasha haikuweza kusema uongo. Ujumbe wa simu unaweza. Kijana hupata maandishi kwamba amepokea shilingi elfu themanini, kisha mtu humpigia akisihi: nimekosea nambari, nirudishie, mke wangu yuko leba. Fedha hizo hazikuingia kamwe. Maandishi yalitoka kwenye simu ya kawaida, yakapangwa yafanane na ya kampuni. Basi asome salio lake, asisome ujumbe. Na hata kama fedha zimeingia kweli, asirudishe yeye mwenyewe. Aliyekosea aende kwa kampuni yake, ambayo ina njia ya kuzirejesha. Nambari ya siri ni ya mwenyewe peke yake. Hata mpenzi wa muhula huu asiijue, kwa kuwa muhula ujao huenda akawa mpenzi wa mwingine.

Jambo ambalo twaliona zito kuliko yote, hasa kwa watu wa mpakani, ni la laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu asiyejua. Mwaka 2017 serikali ilishurutisha kila laini iunganishwe na nambari ya kitambulisho cha taifa. Tangu hapo laini yenye jina la mtu mwingine imekuwa bidhaa. Mwuzaji wa kando ya barabara humwambia kijana kwamba mtandao umegoma, weka kidole tena; kidole cha pili huweza kusajili laini ya pili, ambayo mwenye kidole haioni wala haijui. Wengine hawahangaiki hata kudanganya: humpa mwanafunzi mwenye njaa elfu chache ili asajili laini na kuwakabidhi. Mpondwe ni soko la nchi mbili, na wanunuzi wa laini hizo hawakosekani. Wengi huenda ni wachuuzi tu, lakini mwuzaji hawezi kujua ni nani atakayeishika simu hiyo, kumtapeli nani, au kumwongoza nani usiku. Siku polisi watakapofuatilia laini hiyo, watakayemkuta ni mwanafunzi wa ualimu, naye atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Kwa hiyo asajili laini kwenye ofisi ya kampuni, asiache kitambulisho chake kama rehani dukani, na mara moja kwa muhula aulize ofisini ni laini ngapi zilizo chini ya jina lake. Asiyoijua ifungwe papo hapo.

Kuna pia wale wanaouza ndoto. Wengi wangali wanakumbuka Dunamiscoins, kampuni iliyofunga milango yake Desemba 2019 baada ya kukusanya fedha za maelfu ya wananchi, vijana wengi wakiwamo, kwa ahadi ya faida ambayo hakuna shamba wala duka linaloweza kuizaa. Walikuwamo walioweka humo ada ya chuo. Nao madalali wa ada, wanaojidai wanaweza kulipa kwa bei nafuu na kukuletea stakabadhi, huleta karatasi tupu. Ada hulipwa kwa njia iliyoandikwa kwenye barua ya chuo, basi. Wengine huuza nafasi za kujiunga na jeshi au polisi. Wasomaji wetu wanajua kuwa nafasi hizo haziuzwi, lakini je, wamewaambia watoto wao?

Sasa bweni. Mwizi wa bweni mara nyingi havunji mlango. Huingia akiwa amevaa ndala, akaomba chaja, akatoka na simu. Saa zake ni za ibada, za chakula na za kuoga. Simu isiachwe ikichajiwa pasipo mwenyewe kuwapo, na sanduku lifungwe kwa kufuli nene ambalo ufunguo wake wa pili umebaki nyumbani. Jina liandikwe kwa rangi chini ya godoro, ndani ya beseni na kwenye jerikeni, tena kwa herufi kubwa, maana kitu chenye jina ni kigumu kuuzika. Mgeni apokewe nje, na aandikwe.

Hilo la wageni si la wizi tu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha, wakachoma bweni la wavulana na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo hakuna mzazi wa Bwera anayelichukulia bweni kuwa mahali pa kulala tu. Hata hivyo, hofu isituingize katika kosa jingine. Mwaka 2008 katika shule ya Budo Junior, wilaya ya Wakiso, wasichana wadogo karibu 20 waliteketea bwenini, na taarifa za wakati huo zilisema milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Mlango wa bweni ufungwe kwa ndani, ufunguo uwe mahali wanapopajua wote waliomo, na madirisha yenye nondo yasiwe yote. Angalau moja lifunguke.

Na simu ikishaibwa? Zipo nambari 15 za kila simu, ambazo hutokea ukibonyeza *#06#. Ziandikwe leo kwenye daftari la nyumbani, pamoja na stakabadhi ya dukani. Kwanza kampuni ijulishwe ili ifunge laini na akiba iliyomo, na hilo lifanyike saa ileile, kwa simu ya mwenzake. Kisha aende kituo cha polisi, Bwera au Kasese, aandikishe, apewe barua. Pasipo barua hiyo atapata taabu kurudishiwa laini yake au kitambulisho kipya. Ofisa wa zamu atamwuliza nambari hizo 15, na mwenye daftari atamsomea moja baada ya nyingine.