Ramani kongwe zina soko, lakini si kama mpunga

Mfanyabiashara wa Lupiro anayeweka mpunga ghalani akingoja bei ipande anajua kuwa mali ni mali pale mnunuzi anapopatikana. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala pia biashara ya ramani kongwe, ambazo huuzwa kwa fedha za kigeni katika minada ya London na New York.

Bei inayotajwa zaidi ni dola milioni 10, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani ililipa hadi mwaka 2003 kwa ramani ya dunia ya Martin Waldseemüller ya 1507. Ni nakala pekee inayojulikana kusalia. Hata hivyo, umri peke yake hauleti bei. Atlasi ya Abraham Ortelius, iliyotoka Antwerp mwaka 1570, ilichapishwa mara nyingi hadi 1612, na kurasa zake bado zinaonekana sokoni.

Mchongaji mkuu wa sahani za shaba za Ortelius alikuwa Frans Hogenberg. Yeye na Georg Braun walitoa Cologne, mwaka 1572, kitabu cha miji chenye ukurasa wa Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ukurasa huo una mvuto wa pekee kwa mnunuzi wa pwani yetu.

Bonde la Kilombero lilichorwa kwa kina baadaye, katika ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000 zilizosimamiwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kutolewa na Dietrich Reimer wa Berlin. Mto Kilombero uliitwa pia Ulanga, hivyo anayetafuta karatasi za kwao atafute majina yote mawili.

Kabla ya kulipa, mnunuzi achunguze. Sahani ya shaba huacha alama ya kubonyea kuzunguka picha. Karatasi ya zama hizo ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha mistari ya chekeche. Nakala nyingi za kisasa, zikitazamwa kwa lenzi, huonyesha nukta ndogondogo za rangi. Mchwa, unyevu wa masika na kingo zilizokatwa hushusha thamani.

Asili ya mali nayo ni muhimu. Mwaka 2006 mfanyabiashara wa Marekani, Edward Forbes Smiley, alifungwa baada ya kukiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali. Wanunuzi wake walibaki na hasara. Ramani yenye mhuri wa ofisi, maktaba au misheni isinunuliwe bila hati ya kuruhusu uuzaji. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mwekezaji mdogo akumbuke kuwa ramani haitoi gawio kama hisa. Mnada hukata kamisheni ya muuzaji na kumtoza mnunuzi nyongeza, hivyo bei lazima ipande sana kabla faida haijaonekana. Fedha ya mbegu, ada na mkopo isiguswe. Itumike ile tu inayoweza kulala miaka mingi.