Lugha ya Kuwaeleza Wazazi Matokeo ya Vipimo vya Urithi kwa Njia ya Simu: Mfano wa Selimundu Kibera

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja la matumizi ya Kiswahili ambalo kwa kiasi kikubwa limeachiwa matabibu na mafundi wa kompyuta, nalo ni lugha inayowafaa wazazi wanapoelezwa kwa simu matokeo ya vipimo vya urithi wa watoto wao. Mfano tutakaoutumia ni ugonjwa wa selimundu, na mahali ni Kibera na Kawangware, Nairobi. Shabaha yetu si kufundisha utabibu. Tunataka kuonyesha kwamba uteuzi wa neno, na hata wa kiambishi, waweza kuamua kama familia itaelewa, itagombana, au itaacha kumrudisha mtoto kliniki.

Kibera yafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali pa lugha nyingi. Jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, nalo lilitolewa na askari wenye asili ya Sudani waliokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Leo Kinubi hukutana na Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kikisii na Sheng, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Pili, wakazi wengi wana asili ya sehemu zinazozunguka Ziwa Viktoria, ambako malaria imekuwapo tangu zamani. Mwaka 1954 A. C. Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyepokea jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo ni ya kawaida katika sehemu hizo, na pia katika pwani.

2. Jambo linalopaswa kuelezwa

Kila mtu hupokea maagizo mawili ya kutengeneza himoglobini, moja kwa mama na moja kwa baba. Maagizo ya kawaida huandikwa kwa herufi A, na ya selimundu kwa herufi S. Mwenye AA hana selimundu. Mwenye AS aghalabu huishi bila maradhi, lakini aweza kumpa mtoto S. Mwenye SS ni mgonjwa: chembe nyekundu za damu yake hupinda na kuziba mishipa midogo. Mwaka 1949 J. V. Neel, na E. A. Beet kwa upande wake, walionyesha kwamba mgonjwa wa namna hii huwa amepokea S kwa wazazi wote wawili.

Tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga latosha kujua hali yake. Kwa kawaida kipimo hukagua himoglobini, wala si jeni yenyewe, lakini kwa kufanya hivyo hufichua kilichorithiwa. Wakati nao ni muhimu, kwani katika miezi ya kwanza mtoto hulindwa na himoglobini aliyozaliwa nayo. Baadaye huanza kuvimba mikono na miguu, kupungukiwa damu na kushambuliwa na vijidudu. Akitambuliwa mapema aweza kupewa penisilini, kinga ya malaria na, inapofaa, haidroksiyurea. Kwa hiyo ujumbe usioeleweka si kosa la mtindo tu, bali waweza kugharimu uhai.

3. Msamiati

Tuanze na neno *selimundu*. Limeundwa kwa *seli* na *mundu*, likifuata istilahi ya Kiingereza iliyotokana na maelezo ya J. B. Herrick wa Chicago mwaka 1910, aliyeona katika damu ya mgonjwa wake chembe zenye umbo la mundu. Kwa kanuni za uundaji istilahi neno hili halina kasoro. Lakini masikioni mwa mkazi wa Nairobi *seli* ni kwanza chumba cha mahabusu katika kituo cha polisi, na *mundu* ni chombo ambacho kijana aliyezaliwa mjini huenda hajapata kukishika. Kwa hiyo neno halijifasiri lenyewe, lahitaji picha. Hapa simu ina faida, kwa kuwa yaweza kuonyesha chembe ya mviringo ikipita katika mshipa na chembe iliyopinda ikikwama.

La pili ni *urithi*. Katika mazoea yetu kurithi huja baada ya kifo: marehemu huacha mali, na mrithi huitwaa. Tena katika jamii kadha kitenzi hicho hutumika kwa mjane. Urithi wa kibiolojia ni kinyume cha hayo, kwani mtoaji yu hai, na alichokitoa bado anacho. Methali nazo zina nadharia yake. *Mtoto wa nyoka ni nyoka* husisitiza kwamba mtoto hana budi kuwa kama mzazi, ilhali katika selimundu wazazi wawili wasio wagonjwa waweza kumzaa mgonjwa, na mtoto wa mgonjwa aweza asiwe mgonjwa. Mweleza matokeo hana budi kuitambua nadharia hiyo ya kimapokeo kabla ya kuleta yake.

La tatu ni jozi *chanya* na *hasi*. Katika hesabu maneno haya hayana ubaya. Lakini tangu ujio wa UKIMWI, kusema kwamba kipimo cha mtu ni chanya kumepata maana moja nzito. Ujumbe usemao "kipimo cha mtoto ni chanya", ukisomwa na jirani aliyeazima simu, waweza kueleweka kuwa ni virusi vya UKIMWI, na mama akahesabiwa kuwa ameuleta nyumbani. Jozi hii yafaa iachwe kabisa katika shughuli hii.

La nne ni jina la mwenye AS. *Mbebaji* na *mchukuzi* ni tafsiri za neno kwa neno; la pili humkumbusha msikilizaji mtu wa mizigo sokoni, na yote mawili hudokeza mzigo. Kusema "ana S moja" au "ana maagizo mamoja ya selimundu, naye si mgonjwa" ni kurefu zaidi, lakini humweka mtu mahali pake pa haki.

4. Sarufi ya lawama

Tulinganishe sentensi zifuatazo:

(1) Mama amemrithisha mtoto ugonjwa.
(2) Mtoto amerithi ugonjwa kwa mama.
(3) Mtoto amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba.

Katika (1) kiambishi cha kusababisha *-ish-* kinamfanya mama mtenda, kana kwamba alikusudia. Katika (2) lawama imepungua, lakini chanzo kimebaki kimoja, na kwa upande wa elimu sentensi hiyo ni ya uongo, maana ugonjwa huu hauji kwa mzazi mmoja. Sentensi (3) peke yake ndiyo ya kweli, na ndiyo pia ya upole. Yaani hapa usahihi na adabu havigombani.

Kiswahili kina msaada mwingine: neno *mzazi* halitaji jinsia. Lakini msaada huo hupotea katika maamkizi. Nairobi mzazi huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Fulani au Baba Fulani, na aghalabu namba iliyoandikwa kliniki ni ya mama. Ujumbe unaoanza kwa "Mama Fulani" umekwisha kulifanya jambo la wawili kuwa la mmoja. Tena kipimo chaweza kuzua swali la nani baba wa mtoto, kama mume naye atapimwa akaonekana hana S. Swali hilo halifai kuanzia katika kioo cha simu, wazazi wakiwa peke yao.

5. Namna ya kueleza uwezekano

Wazazi wenye AS wote wawili huambiwa kwamba kwa kila mimba kuna uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Tatizo ni kwamba *moja kati ya nne* kwa Kiswahili husomeka upesi kama mgao: katika watoto wanne, mmoja. Mzazi mwenye mtoto mmoja mgonjwa huweza kudhani kwamba watatu wafuatao wamesalimika.

Sarafu yaweza kusaidia. Sarafu ya shilingi moja iliyotolewa Kenya mwaka 2018 ina twiga upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Twiga na awe S. Mama arushe yake na baba yake. Twiga wawili ni SS, twiga mmoja ni AS, nembo mbili ni AA. Warushe tena, na tena. Wataona kwamba sarafu haikumbuki iliangukaje mara iliyopita. Programu ya simu yaweza kurusha sarafu hizo mara mia kwa dakika moja, jambo ambalo karatasi haliwezi, na sauti ikaeleza kwa Kiswahili cha mtaani, kwa Kijaluo au kwa Kinubi.

6. Simu na mipaka yake

Kenya ina mfano mwema wa ufupi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, lililohusu watu 538 waliotumia dawa za UKIMWI katika vituo vitatu, kikiwamo cha Pumwani, waliochaguliwa waliandikiwa kila wiki neno moja tu: "Mambo?" Nao walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika saa 48, na mwenye shida alipigiwa simu. Waliopata ujumbe huo walizingatia dawa kuliko wenzao. Yafaa tuzingatie kwamba ujumbe haukutaja ugonjwa wowote. Simu ilifungua mlango, na mtu ndiye aliyezungumza.

Ujumbe wa maandishi una alama 160 tu, na maneno yetu ni marefu kwa sababu ya viambishi. Tunapendekeza mfano huu, ambao haufiki kiwango hicho:

(4) Habari. Majibu ya kipimo cha mtoto yametoka. Tunaomba mzazi au wazazi wote wawili wafike kliniki wiki hii, tuzungumze pamoja. Jibu SAWA au SHIDA.

Sheria nayo yaelekea huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya na za jeni kuwa nyeti, na katika nyumba ambayo simu huazimwa, ujumbe hauna kufuli. Aidha, mwaka 2023 serikali ya Kenya ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 vifaa vya kazi, zikiwamo simu. Kwa hiyo picha na sarafu zilizotajwa zaweza kuingia nyumbani zikiwa mkononi mwa mtu anayeulizika.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba istilahi iliyoundwa vizuri yaweza kushindwa katika mazungumzo, kwamba kiambishi chaweza kubeba lawama, na kwamba simu ni chombo chema cha kuita na kuonyesha, lakini si cha kutolea hukumu. Kazi hii yatuhusu sisi wanaisimu. Programu zinaundwa sasa, na mara nyingi Kiswahili chake hutafsiriwa mwishoni, baada ya mambo yote kuamuliwa. Idara zetu hazina budi kuomba nafasi mwanzoni, kuyapima maneno haya mbele ya wazazi wenyewe wa Kibera na Kawangware, na kuyaacha yale ambayo wazazi watayakataa, hata kama yameingia katika kamusi.