Baruti Nyingi Hailengi Shabaha

Swali linaloulizwa mno kuhusu bunduki za magnamu, yaani zile ambazo ganda la risasi zake hubeba baruti nyingi kuliko kawaida, ni hili: baruti iongezwe kiasi gani ili bunduki ilenge barabara? Huulizwa Mbarara, karibu na mashamba ya mifugo yanayopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliruhusu uwindaji wa leseni kwa majaribio mwaka 2001, na huulizwa pia Nakivale, ambako mkulima aliyeliwa mahindi na viboko huamini kwamba askari wa wanyamapori wana risasi dhaifu. Swali hilo limepotoka tangu mwanzo, kwa kuwa nguvu ni jambo moja na usahihi ni jambo jingine.

Usahihi ni kurudia: kila kichwa cha risasi kiondoke mtutuni kwa kasi ileile na kikiwa kimenyooka vilevile. Baruti ikizidishwa, shinikizo la gesi ndani ya chemba hupanda upesi kuliko kasi ya risasi, hivyo mpigaji hujipatia nyongeza ndogo ya mwendo, huku komeo likigoma kufunguka, fataki, yaani kikombe kidogo kinachowasha baruti, ikibonyea na kuwa bapa, na teke la bunduki likimzoesha kufumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Mtu aliyefikia hapo hajaboresha risasi yake. Amejiharibu yeye mwenyewe, na huenda akaipasua bunduki pia.

Anayetaka ushahidi hana haja ya kuvuka mpaka. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 hata akaitwa "Karamojo", aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 isiyo magnamu, kwa sababu aliujua mwili wa tembo, alitumia vichwa vigumu visivyopanuka, na bunduki yake haikumpiga teke la kumtisha. Hilo halimruhusu mtu yeyote leo kumkabili nyati kwa bunduki ndogo, maana desturi ya kudai angalau kipenyo cha inchi .375 kwa wanyama hatari ina sababu zake; linaonyesha tu kwamba nguvu haimsaidii asiyepiga mahali panapostahili.

Imani kwamba baruti nyingi huleta usahihi huendelea kuishi kwa sababu ya udanganyifu mmoja, nao ni kundi la risasi tatu. Mtu hupakia viwango kadhaa vya baruti, hupiga tatu tatu kwenye karatasi, kisha huchagua kiwango ambacho matundu yake yamekaribiana na kukitangaza kuwa ndicho chenyewe. Hesabu ya uwezekano haikubaliani naye: kwa bunduki ileile na mchanganyiko uleule, kundi la risasi 10 huwa pana takriban mara 1.6 ya kundi la risasi 3, na makundi ya tatu tatu hupishana kwa bahati tupu kiasi kwamba mshindi wa leo aweza kuwa wa mwisho kesho. Aliyeongeza baruti akapata kundi dogo mara moja amepata bahati, wala hajagundua kanuni.

Hatari iliyo wazi zaidi imo katika ganda lenyewe. Risasi ya .375 Holland & Holland Magnum, iliyotoka mwaka 1912, ina mkanda, yaani ukingo mnene karibu na kitako, ambao ndio unaoizuia isizame mno ndani ya chemba. Ganda likipakiwa upya mara nyingi huvutika juu kidogo ya mkanda huo na kuwa jembamba. Ishara yake ni mstari unaong'aa kulizunguka, na ncha ya waya uliokunjwa ikipitishwa ndani husikika ikinasa kwenye mfereji. Ganda la namna hiyo hutupwa, halijadiliwi.

Yanayobaki ni machache. Kwa wengi, njia bora ni kununua risasi za kiwandani za aina kadhaa na kubaki na ile inayopendwa na mtutu, baada ya kukaza skrubu za kitako na za darubini. Mwenye kibali cha kupakia atumie maganda ya toleo moja, aanze na kiwango cha chini cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, apime kila kipimo kwa mizani, abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, apige risasi 10 kabla ya kuamua, na asiache risasi juani garini, kwa kuwa joto huongeza shinikizo. Asiyemudu teke achague bunduki ndogo zaidi kwa swala. Asiye na cheti kinachodaiwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 hana cha kupakia, na anayeokota risasi nzima, iwe Nakivale au kwingineko, asiifungue, awaite polisi.