Nyumba, Minazi na Ardhi: Ufafanuzi wa Maswali ya Kisheria na Kifedha katika Upangaji na Ununuzi wa Makazi Ndagoni, Kisiwani Mafia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maswali ya kisheria na kifedha yanayojitokeza mara kwa mara mtu anapopanga au kununua nyumba katika kata ya Ndagoni, Wilaya ya Mafia. Yamejengwa juu ya uchambuzi wa sheria, maamuzi ya mahakama na maandiko ya kiethnografia kuhusu Mafia. Hoja yake ni kwamba ushauri mwingi kuhusu nyumba nchini Tanzania huchukulia kwamba ardhi imepimwa na ina hati ya mjini. Juu ya ardhi ya kijiji ushauri huo unaweza kumpotosha mnunuzi. Huko anacholipia ni vitu vitatu, yaani jengo, miti na haki ya kukalia ardhi, na idhini ya halmashauri ya kijiji ina uzito kuliko karatasi ya mauziano.

Utangulizi

Ndagoni ni kata iliyoko kusini-magharibi mwa kisiwa kikuu cha Mafia, upande wa Ras Kisimani, mahali palipokuwa mji wa kale wa Kisimani Mafia. Sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kumezwa na bahari. Makao makuu ya wilaya yako Kilindoni. Tofauti kati ya viwanja vilivyopimwa vya mji huo na makazi ya vijijini si ya umbali tu, bali ni tofauti ya mfumo mzima wa umiliki. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ziligawa ardhi ya Tanzania katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kwa hiyo, swali la kwanza la mtu anayetaka nyumba Ndagoni linapaswa kuwa: ardhi iliyo chini ya nyumba hii ni ya kundi gani? Bei hufuata baadaye. Makala haya yanahusu makazi yaliyo juu ya ardhi ya kijiji.

Ni nini hasa kinachouzwa?

Katika mwambao wa Waswahili, mwenye mnazi si lazima awe mwenye ardhi ulipoota mnazi huo. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, alieleza jamii ambamo ardhi ya kulima ilishikiliwa na makundi ya ukoo yanayohesabiwa kwa upande wa mama na wa baba, ilhali minazi ilikuwa mali ya mtu binafsi, mwanamume au mwanamke, aliyeweza kuirithi au kuiuza. Si busara kuhamishia matokeo hayo Ndagoni neno kwa neno, kwa kuwa kusini mwa kisiwa kuna historia yake ya mashamba makubwa ya minazi. Hata hivyo, kanuni ya kutenganisha mti na ardhi inajulikana mwambao mzima, na ndiyo chanzo cha swali ambalo mnunuzi wa kutoka bara hafikirii kuliuliza: minazi iliyomo uani ni ya nani?

Sheria ya Ardhi haimalizi jambo hili. Tafsiri yake ya neno “ardhi” inajumuisha majengo yaliyojengwa kwa kudumu pamoja na vitu vinavyoota kiasili juu ya ardhi. Mnazi hupandwa kwa mkono wa mtu, na mwambao mzima unajua hivyo. Kwa tafsiri finyu, basi, minazi inabaki katika uwanja wa mila, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji yenyewe inaitambua mila ili mradi haipingani na Katiba wala haiwanyimi wanawake, watoto na watu wenye ulemavu haki ya ardhi. Matokeo ya kivitendo ni haya: hati ya mauziano inayosema “nyumba na eneo lake” bila kutaja miti inaacha mlango wazi. Msimu wa kuangua nazi ukifika, shangazi wa muuzaji aliyerithi minazi minne uani anaweza kuja na mkwezi wake, na mnunuzi akakosa hoja ya kumzuia. Kuhesabu miti, kuitaja katika hati na kuwapata wenyewe watie saini ni kazi ya asubuhi moja. Inashangaza kwamba vielelezo vya mikataba vinavyosambazwa nchini havina hata mstari mmoja kuhusu jambo hilo.

Kwa upande wa ardhi yenyewe, anachopata mnunuzi ni hakimiliki ya kimila. Haki hiyo haina hadhi ya chini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaipa hadhi sawa na haki ya kumiliki ardhi inayotolewa na serikali. Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake lililoripotiwa mwaka 1995, ilitamka kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Haki hiyo inaweza kuwa ya muda usio na kikomo, hurithika, na ipo hata kabla haijaandikiwa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati huithibitisha tu.

Idhini ya kijiji na kiini cha hatari

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Chukuliwe mfano wa mtumishi wa umma aliyehamia Mafia. Amekubaliana bei na mwenye nyumba, ameandikiana naye karatasi mbele ya mashahidi wawili, mwenyekiti wa kijiji amepiga muhuri, na fedha zote zimelipwa siku hiyo hiyo. Mnunuzi huyo anaamini amemaliza. Kisheria, hajafika nusu ya safari.

Mwenyekiti si halmashauri ya kijiji. Msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri, na halmashauri huamua kwa kikao chenye akidi na kumbukumbu. Inapogawa ardhi upya, hairuhusiwi kufanya hivyo kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mtu anapomhamishia mwenzake haki aliyokwisha kuwa nayo, halmashauri hupewa taarifa na kutoa idhini, na sheria inaangalia kama anayehamishiwa ni raia na kama anaishi au kufanya kazi kijijini, au anakusudia kufanya hivyo. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano unaonyesha kwamba mwenyekiti alikuwepo. Hauonyeshi kwamba kikao kilikaa.

Mahakama ya Rufani imekuwa na msimamo thabiti. Katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1985, yaani kabla ya sheria za sasa, ilieleza kwamba uuzaji wa ardhi ya kijiji inayoshikiliwa kimila bila idhini ya mamlaka ya kijiji hauna nguvu. Msimamo huo ulirudiwa katika Rufaa ya Madai Na. 389 ya 2019, iliyotoka Tanga, chini ya sheria za 1999. Mnunuzi anayeshindwa kwa sababu hiyo hubaki na kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba, kinachomtaka aliyepokea manufaa chini ya makubaliano batili ayarudishe. Lakini kurudishiwa fedha kwa hukumu ni jambo moja, na kumkuta muuzaji akiwa nazo ni jambo jingine. Thamani ya shilingi nayo haimsubiri mdai.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa malipo una uzito wa kisheria. Njia salama ni kulipa kianzio kidogo chenye sharti lililoandikwa kwamba kitarudishwa idhini ikikosekana, kisha kupata nakala ya muhtasari wa kikao cha halmashauri, kuangalia masjala ya ardhi ya kijiji, na ndipo kulipa salio. Wauzaji wengi huona utaratibu huu kama dalili ya kutoaminiwa. Malalamiko hayo yana msingi wake katika maadili ya kijijini, ambako neno la mtu mzima ni dhamana. Hata hivyo, sharti hilo humlinda muuzaji pia dhidi ya madai ya kurudisha fedha alizokwisha kuzitumia.

Mwenza na warithi

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenza wake. Ridhaa iandikwe. Pale ambapo mume ana wake zaidi ya mmoja, jambo la kawaida katika jamii ya Kiislamu ya Mafia, ni lazima kwanza ijulikane nyumba inayouzwa ni ya ndoa ipi.

Nyumba ya marehemu ina ugumu zaidi. Kabla ya mirathi kugawanywa, hakuna mrithi mmoja mwenye uwezo wa kuiuza, hata akiwa mtoto wa kwanza wa kiume na hata akiwa ndiye anayeishi humo. Mwenye uwezo huo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo pale sheria ya Kiislamu au ya kimila inapohusika. Barua ya kikao cha ukoo inayompendekeza msimamizi ni hatua ya kwanza tu, wala haichukui nafasi ya uteuzi wa mahakama.

Kodi, ada na mazoea

Muuzaji mkazi mwenye kumbukumbu za gharama hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata, si ya bei nzima. Hata hivyo, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaiacha nje nyumba ya makazi binafsi ambayo mwenyewe ameimiliki kwa miaka mitatu au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka isiyopungua mitatu, ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Inaiacha nje pia ardhi ya kilimo yenye thamani ya chini ya shilingi milioni 10, iliyolimwa kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa. Nyumba za kawaida za kijijini zinaweza kabisa kuingia katika misamaha hii, na muuzaji asiyeijua anaweza kulipa asichodaiwa.

Yapo pia mazoea, katika sehemu mbalimbali za nchi, ya ofisi za vijiji na mitaa kudai asilimia 10 ya bei ya mauziano. Asilimia hiyo haimo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Mnunuzi anayeombwa malipo yoyote ana haki ya kuuliza yametajwa katika sheria ndogo ipi, na kudai stakabadhi ya serikali.

Kupanga

Wapangaji wa vijijini Mafia ni hasa walimu, wahudumu wa afya, watumishi wengine na wavuvi wanaohamahama kufuata msimu. Udhibiti wa kodi za nyumba uliokuwa chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984 uliondolewa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na miezi ya kulipwa mapema vimekuwa suala la makubaliano. Sheria ya Ardhi inaruhusu pango lisilozidi mwaka mmoja liwe la mdomo, na inataka pango la mwezi kwa mwezi lisitishwe kwa notisi isiyopungua mwezi. Kwa kuwa masharti hayo yaliandikwa hasa kwa ajili ya ardhi isiyo ya kijiji, mpangaji wa Ndagoni hafanyi vyema kuyategemea peke yake. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi, muda wa notisi na jina la atakayetengeneza paa la makuti inampa kinga iliyo wazi zaidi. Kampuni au taasisi inayopanga nyumba kwa shughuli zake hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango.

Ufukwe na wageni

Nyumba zinazotafutwa zaidi na watu wa nje ni za ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni. Asiye raia hawezi kupata hakimiliki ya kimila. Ili apate ardhi kwa uwekezaji, ardhi ya kijiji hutakiwa kwanza ihamishiwe katika ardhi ya jumla, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 ni mkutano mkuu wa kijiji unaoridhia au kukataa. Njia ya mkato ya kununua kwa jina la mwanakijiji humwachia mgeni deni asiloweza kulidai kwa urahisi, nayo humweka mwanakijiji katika hatari ya kuitwa mmiliki wa kitu asichokifaidi.

Mgogoro ukitokea

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata nalo husuluhisha tu wala haliamui, ingawa machapisho mengi ya elimu kwa umma bado yanaeleza kinyume. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri kabla Baraza la Kata halijathibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zikipita bila usuluhishi kufikiwa. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Kwa mnunuzi asiye na muhtasari wa kikao, miaka hiyo ni mingi: wajumbe waliokuwepo siku ya mauziano hubadilika kila uchaguzi, na daftari la kijiji ndilo shahidi pekee anayebaki ofisini.