Samli ya Bwana Arusi

Arusi ikikaribia katika nyumba zetu za Mwambao, bwana arusi hutazamwa kama fahali wa kunenepeshwa. Asubuhi maziwa na asali, mchana biriani inayochuruzika samli, usiku supu ya kongoro. Akisema ameshiba, shangazi humjibu: "Kula mwanangu, unaoa!"

Shangazi hakukosea sana. Homoni ya kiume, iitwayo testosteroni, hutokana na mafuta kweli. Korodani huitengeneza kwa kolesteroli, nazo hupokea amri kutoka tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Wataalamu wa Amsterdam waliipata katika korodani za fahali mwaka 1935. Ndiyo iletayo ndevu, sauti nzito, misuli na hamu ya unyumba, na bila yake mbegu za uzazi hazipevuki.

Lakini kolesteroli mwili hujitengenezea wenyewe, wala samli ya ziada haizidishi homoni. Ziada huenda kukaa tumboni, na hapo ndipo mambo yanapopinduka. Ndani ya mafuta ya mwili mna kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Kila mwanamume anayo kidogo na anaihitaji. Ikizidi, ubongo hudhani kazi imetimia, hupunguza amri, na korodani hulegea. Homoni ikishuka, misuli nayo hupungua na kitambi huongezeka. Basi kijana wa miaka 25 hujikuta mchovu, hana hamu, na haya zinamzuia kumwambia mtu.

Mtume (S.A.W.) alitufunza kuligawa tumbo theluthi tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi. Mbele ya sinia la biriani, sijui theluthi hizo huenda wapi!

Mtu atauliza, mbona babu zetu walikula samli na wakazaa? Babu alivuta mkokoteni kutoka Bandari ya Zamani hadi Marikiti, au alitweka tanga na kupiga makasia. Mjukuu huenda dukani kwa tuktuk, kisha hukaa barazani na viazi karai mpaka usiku wa manane. Na kukesha nako kuna hasara, kwani homoni hii hupanda mtu akiwa usingizini.

Kunyanyua vyuma huipandisha kwa muda mfupi tu. Faida kubwa ya mazoezi ni kuyeyusha kitambi na kujenga misuli, ndipo homoni hurudi pahala pake polepole. Lakini akimbiaye maili nyingi kila siku huku akijinyima chakula, yake pia hushuka.

Linalonitia hofu zaidi ni sindano wanazouziana vijana kwa siri. Testosteroni ya sindano ikiingia, tezi ya ubongo hunyamaza, korodani husinyaa, na mbegu huweza kutoweka kabisa. Aghalabu hurudi baada ya miezi mingi tangu kuacha, na wengine hungoja zaidi. Kijana anaonekana shujaa kifuani, na mkewe anasubiri mimba isiyoingia, huku mawifi wakimnong'ona yeye.

Mwenye shaka na amwendee daktari. Damu hupimwa asubuhi mapema, kabla ya kufungua kinywa, maana ndio wakati homoni huwa juu, na mlo wa mafuta mengi umeonekana kuishusha kwa saa kadhaa. Siku hiyo shangazi aombwe radhi, maziwa yake yangoje.