Ini Lenye Mafuta: Adui Asiyepiga Baragumu

Ndugu msomaji, askari hufundishwa kumtambua adui kwa nyayo zake. Lakini yuko adui mwingine aingiaye kambini kimya kimya, akakaa mwilini miaka mingi pasipo kumwumiza mtu. Adui huyo ni mafuta yajazanayo katika ini, hata la mtu asiyeonja pombe. Zaidi ya nusu ya wenye kisukari cha ukubwani wanaye.

Tukisha kula, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, nayo hupitia katika ini kwanza kabla ya kuenea mwilini. Insulini huliamuru ini liweke sukari ghalani na lisitengeneze nyingine. Ini lililojaa mafuta huwa kama mlinzi kiziwi: amri hutolewa, yeye hasikii. Huzidi kumwaga sukari katika damu hata mtu akiwa usingizini. Kongosho hupaza sauti kwa kutoa insulini zaidi, na insulini hiyo nyingi huliongezea ini mafuta. Mwishowe kongosho huchoka, na kisukari huingia.

Homoni basi ni mashahidi. Insulini ikiwa nyingi katika damu ya mtu ambaye hajala tangu jana, ni dalili kwamba amri zake hazitiiwi. Homoni ya adiponektini, itokayo katika mafuta ya mwili, hupungua kadiri kitambi kinavyokua. Ini lenyewe hutoa homoni iitwayo FGF21, ambayo huongezeka ini linapolemewa na mafuta.

Vipimo vya homoni hizo si vya kila hospitali. Daktari huanza na sukari ya asubuhi, vimeng'enya vya ini viitwavyo ALT na AST, na picha ya mawimbi ya sauti. Lakini tahadhari: vimeng'enya huweza kuonekana sawa ilhali ini lina mafuta. Kwa hiyo mwenye kisukari asiridhike na kusema, "Siumwi." Ini likiachwa hufanya makovu, na makovu huweza kuzaa saratani.

Hatari kubwa humngoja askari anayestaafu. Gwaride limekwisha, lakini sahani haikupungua. Habari njema ni kwamba ini husamehe mapema. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 9 polepole, mafuta ya ini hupungua sana, na hata uvimbe wake huweza kutulia. Atembee kwa haraka dakika 30, siku tano kwa juma. Soda na chai ya sukari nyingi ziondoke mezani. Ugali upungue, mboga na maharagwe yaongezeke. Pombe aiache. Dawa za kisukari asiziache bila shauri la daktari, wala asinywe mitishamba asiyoijua, kwani mingine huliumiza ini.

Nanyi akina mama, mshipi wa bwana ukiongezwa tundu kila mwaka, msicheke mkadhani ni neema. Mpelekeni akapimwe.